Barua Yangu Kutoka Australia Haikuwa ya Shule

Mama mkwe aliniwekea sahani yangu mlangoni. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Tulikuwa nyumbani kwake Kasulu, siku ya tatu tangu nirudi kutoka Australia. Ugali wa muhogo ulikuwa kwenye sinia moja, maharage ya mawese kwenye bakuli, kisamvu pembeni. Watu wote walikuwa wameshanawa: mume wangu, wifi yangu, na mgeni wa heshima, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale kijijini. Mwanangu wa miezi kumi alikuwa mgongoni kwa bibi yake. Nikanawa na mimi. Nilipopeleka mkono kumega tonge, mama mkwe akalivuta sinia.

"Chako kile pale," akasema, akinionyesha kwa kidevu sahani ya plastiki iliyokuwa sakafuni karibu na mlango. "Mpaka hicho kinywa kisafike."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama maharage. Ndipo mwalimu mkuu akacheka puani, akafinyanga tonge lake taratibu, akasema kwa ile sauti ya kusomea imla darasani:

"'Siku ya tatu tukalala porini, mimi na mtoto, na jioni tukala kondoo.' Shemeji, si ndivyo ulivyoandika? Au nimekosea?"

Hakukosea. Hata alipofika kwenye mkato alipumzika. Hayo yalikuwa maneno yangu, niliyaandika kwa mkono wangu, nikayatia kwenye bahasha, nikailamba na kuifunga, na juu yake nikaandika jina la mume wangu na si la mtu mwingine yeyote duniani.

Nikasimama. "Mwalimu, hiyo barua niliituma kwa mume wangu. Nani alikufungulia?"

"Ilipitia sanduku la shule," akasema, wala hakuacha kutafuna. "Kinachopitia sanduku la posta la shule ni cha shule."

Nimesoma hadi kidato cha nne. Nimefundishwa na walimu wakali na walimu wavivu, lakini sikuwahi kusikia upuuzi wa namna ile ukisemwa na mtu mwenye chaki mfukoni.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo, maana wengi walihadithiwa na yeye, na yeye alihadithia anachotaka.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi Kibondo. Yeye seremala, mimi mkalimani kwenye kliniki ya kambi mojawapo ya wakimbizi, miaka ile watu walipokuwa wanamiminika kutoka Burundi. Kirundi ni lugha ya mama yangu, Kiha nimekipata kwa kuolewa, Kiswahili na Kiingereza nilivipata shuleni. Pale kliniki nikapata rafiki, muuguzi kutoka Australia, aliyepanga nyumba ya jirani na yetu pamoja na mume wake, fundi wa pampu za maji. Watu wanadhani urafiki na mzungu ni wa kuomba. Sisi tulikuwa tunapikiana. Jumapili za masika niliwachukua mpaka vilima vya Kitahana kuokota uyoga, nikawafundisha upi unaliwa na upi unaua. Kumbikumbi walipotoka, yule dada alikula sahani nzima akiwa amefumba macho, kisha akayafumbua akaomba nyingine. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenishika mkono.

Muda wao ulipokwisha, akaniambia, "Mimi nimekula kwako miaka miwili. Sasa uje ule kwangu." Nilidhani ni maneno ya kuagana. Miezi michache baadaye tiketi ikaja, na likizo nilikuwa nayo. Mume wangu akakubali. Kwa kuwa hajui kukaa peke yake wala kujipikia, akafunga karakana, akaenda kukaa kwa mama yake Kasulu wiki zote sita. Ndiyo sababu barua yangu ilikwenda Kasulu, na kijijini kwao hakuna sanduku la posta isipokuwa la shule.

Nilisafiri siku nyingi, treni na ndege, mtoto kifuani, nikashuka upande wa pili wa dunia nikakuta mikaratusi. Mikaratusi ileile tunayokata nguzo Kasulu! Nikamuuliza rafiki yangu, "Yaani nimevuka bahari kuja kuona miti ya kujengea choo?" Akacheka, akasema huko ndiko ilikotoka, sisi tumeiazima tu. Nyuma ya mji wao mdogo kulikuwa na kondoo mpaka macho yanachoka. Kondoo mlimani, kondoo bondeni, kondoo wamesimama barabarani kama wanasubiri basi.

Siku ya pili akaingia chumbani kwangu akipiga makofi. Kiswahili chake alikiokota kambini na kina vipande vya Kifaransa. "Mama mtoto! Kesho tunaenda porini! Tutalala huko, siku nne, bien kabisa!"

Nikamnyanyua mtoto kitandani. "Nani anatufukuza?" nikamuuliza.

Akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha.

Ikabidi nimweleze. Mama yangu alinivusha mpaka wa Burundi nikiwa mchanga kuliko mtoto niliyekuwa nimembeba pale. Alilala porini usiku ngapi hajui. Anachokumbuka ni kiganja chake juu ya mdomo wangu ili nisilie. Kwetu mtu haendi kulala porini. Mtu hulazwa porini na shida. Ukisema fulani alilala porini, anayesikia anauliza nani amekufa.

Rafiki yangu akakaa kitandani. "Basi tusiende," akasema.

"Twende. Lakini tafuta neno jingine."

Akatafuta, mume wake naye akatafuta, hawakulipata. Kwao kuna neno moja tu, na ndani yake wameweka mapumziko, utoto wao, na chai. Nami, mjinga mwenye cheti cha sekondari, nilipokaa kumwandikia mume wangu nikaliandika hilohilo.

Nasema wazi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kana kwamba nimemwibia mama yangu kitu. Tulilala kwenye hema lenye zipu, mtoto katikati yangu na rafiki yangu, akakoroma kama mzee. Asubuhi tulichemsha chai kwenye kopo jeusi juu ya moto, wakatumbukiza jani la mkaratusi ndani yake. Ikawa na ladha ya dawa ya kifua, nikanywa vikombe viwili. Wanakanda unga kwa maji na chumvi, wanaufukia kwenye sufuria ya chuma chini ya majivu, unatoka mkate wenye ganda gumu. Wanaupaka kitu cheusi cha chumvi kutoka kwenye chupa, nikadhani wananichezea. Nikaramba, nikatema, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Hii ndiyo kumbikumbi yenu?" nikawauliza. "Basi mmeshinda."

Kulikuwa na mto mpana, wenye maji ya kahawia kama Malagarasi. Wakatoa mtumbwi mwepesi wa plastiki. Nilikataa siku nzima. Kesho yake nikamwachia rafiki yangu mtoto, nikapanda, nikapiga kasia mpaka mabega yakawaka moto. Ndege weupe wenye ushungi walikuwa wanapiga kelele juu ya miti kama wanawake wa sokoni Kibondo siku ya gulio. Sikuwa nakimbia kitu. Mimi, katika maisha yangu, sikuwa nimewahi kuwa juu ya mto bila kuwa nakwenda mahali.

Jioni ya siku ile ya tatu porini yule fundi wa pampu akachoma kondoo.

Nilijua. Asije mtu akasema sikujua. Nyumbani kwa mama mkwe wangu hakuliwi kondoo, kwa sababu ngozi ya kondoo ndiyo ngobyi yao, ile ya kumbebea mtoto mgongoni. Ngozi moja, imelainika kama kitambaa, imewabeba watoto wake wote sita na mume wangu akiwamo, na mpaka leo imetundikwa ukutani chumbani kwake. Mtoto anayebebwa na kondoo hali kondoo. Hilo naliheshimu. Lakini mimi sikuzaliwa katika nyumba ile, mama yangu alinibeba kwa shuka ya kuokota, na watu wale walikuwa wamekula kumbikumbi wangu wamefumba macho. Basi nikafumba macho na mimi. Nyama ilikuwa tamu. Sitaomba radhi kwa hilo.

Mtoto sikumpa. Alikuwa na meno mawili, ananyonya, nikamsagia kiazi kilichochemshwa kwenye maji matupu. Na nikaandika hivyo. Usiku uleule, kwa tochi, nikamwandikia mume wangu kurasa tatu. Sentensi aliyoikariri mwalimu mkuu ipo ukurasa wa kwanza. Sentensi inayofuata, mara tu baada ya nukta, inasema: "Mtoto hakuonja, mwambie mama asiwe na wasiwasi, ngobyi yake nimeiheshimu." Inayofuata inasema hema lilikuwa zuri kuliko chumba chetu. Na ukurasa wa tatu kuna mstari wa mume na mke ambao sitaurudia hapa. Watoto wa shule, waliousikia kwa baba zao wanaokunywa kilabuni, waliurudia barabarani niliposhuka kwenye basi. Walikuwa wanaruka kamba kwa mstari wangu.

Hapo ndipo ulipofika upumbavu wa kufungua barua ya mtu.

Turudi mezani. Nimesimama, mikono imelowa, mwalimu mkuu anatafuna.

"Nilidhani ni ya msaada," akasema sasa akijitetea kidogo, maana aliona sikai. "Stempu ya ng'ambo, bahasha nene. Shule inavuja, shemeji. Nikasema huenda wazungu wako wametukumbuka mabati."

"Na ulipoona inaanza 'Mume wangu mpenzi', ulidhani ni mabati yanakuita mpenzi?"

Wifi yangu akapaliwa na ugali. Mama mkwe akamkazia macho.

"Mama ndiye aliyeniomba nimsomee," akasema mwalimu.

"Ulimsomea hapa. Kilabuni aliyekuomba nani?"

Mume wangu akasema, "Yaishe, mama mtoto. Kaa."

"Barua iko wapi?" nikamuuliza yeye.

Akakuna shingo. "Niliisoma palepale ofisini kwake, nimesimama. Ameiweka kwenye faili."

"Faili gani?"

"Barua zinazoingia," akajibu mwalimu mkuu, na nasema kweli, alijibu kwa fahari. "Ina namba. Kila kitu kina utaratibu."

Barua yangu ya ndoa ilikuwa imetobolewa matundu mawili, imepigwa muhuri, imelala katikati ya orodha ya madawati na waraka wa mashindano ya michezo.

Nikamgeukia mama mkwe. Yeye sina ugomvi naye wa kweli. Hakusoma shule, aliambiwa mjukuu wake kalishwa kondoo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa, si ya mtu anayechokoza. Nikapiga goti. "Mama, mtoto hakula. Nimeandika humohumo. Mwalimu ameruka sentensi."

"Mwalimu anajua kusoma," akasema.

"Na mimi najua kuandika, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

"Baba yake mtoto naye aliniambia hakula. Lakini yeye anakutetea wewe." Akaikaza mbeleko. "Umemlaza porini mtoto wangu. Umemlisha ngozi iliyombeba baba yake. Ataanza kuvimba miguu. Atabaki hapa nimtazame mpaka niridhike. Wewe nenda kazini kwako."

"Ananyonya!"

"Kuna uji."

Wifi yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa anacheka upande wangu, akaona afadhali acheke upande wa mama yake. "Mkimbizi ni mkimbizi tu," akasema. "Hata umpandishe ndege, atashukia porini."

Hakuna aliyemkanya. Miaka ile neno hilo halikuwa tusi la mdomoni peke yake. Mimi nina karatasi zangu za uraia, wazazi wangu wanalima Murungu na wanapiga kura, lakini lori la kukusanya wakimbizi kuwapeleka kambini likipita Kibondo niliona jinsi watu walivyotutazama kuhesabu nani apandishwe. Na mtoto wa mtu anayeitwa mkimbizi ndani ya nyumba ya mume wake ni rahisi kubakishwa. Huyo mtoto leo ananizidi kimo na anavaa viatu vya namba kumi na moja, kwa hiyo msomaji asihangaike. Lakini siku ile mimi sikujua atakuja kunizidi kimo. Nilijua tu kwamba yuko mgongoni kwa mtu mwingine na mlango uko upande wangu.

Nilinyoosha mikono nimchukue. Mama mkwe akageuka, na mtoto akageuka naye, akawa ananitazama juu ya bega la bibi yake, anacheka. Nikaogopa kumng'ang'ania kama nguo. Nikamwambia mume wangu, "Wewe mbebe tunaondoka." Akaniambia, "Mpe mama siku mbili atapoa." Mtu mzima, mwenye ndevu.

Basi nikatoka peke yangu. Sikupiga kelele, sikulia njiani. Nilitembea mpaka Kasulu mjini, karibu saa mbili kwa miguu, nikiwaza jambo moja: hapa tatizo si kondoo. Mama hataniamini mimi wala mwanawe. Anamwamini mwalimu kwa sababu ni mwalimu. Basi mwalimu huyohuyo na aisome. Yote. Na akikataa, alazimishwe na yule anayemlipa mshahara.

Nilinunua fulskepu mbili na kalamu dukani, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya elimu ya wilaya. Maziwa yalikuwa yamejaa, yakaanza kuchuruzika, blauzi ikalowa mbele. Nikajifunga kitenge kifuani nikaendelea kuandika. Nilichana karatasi ya kwanza kwa sababu ilikuwa na matusi.

Karani wa mapokezi aliisoma mistari mitatu, akanirudishia. "Dada yangu, haya ni mambo ya familia. Mkayamalize nyumbani."

"Kaka, faili la barua zinazoingia la shule ya serikali ni la familia ya nani?"

Akaichukua tena. Akasoma mpaka chini. Alipofika katikati akakohoa, akaficha mdomo kwa mkono, akasema, "Ameipa namba kweli?"

"Ameipa namba."

"Na muhuri?"

"Na muhuri."

Akatoa muhuri wake wa kupokelea, akaugonga kwenye nakala yangu mara mbili, maana wa kwanza haukukolea. Nakala hiyo ninayo. Majina nimeyatoa, maneno mengine yote ni kama nilivyoyapeleka.

"Kwa Afisa Elimu wa Wilaya, Kasulu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU MKUU KUFUNGUA, KUSOMA HADHARANI NA KUWEKA KWENYE FAILI BARUA YANGU KWA MUME WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kibondo, raia wa Tanzania. Nikiwa Australia kuwatembelea marafiki zangu nilimwandikia mume wangu barua kupitia sanduku la posta la shule, kwa kuwa kijiji hakina jingine. Mwalimu mkuu aliifungua bila ruhusa. Aliisoma kwa mama mkwe wangu akaruka sentensi. Aliisoma kilabuni, na huko sidhani kama aliruka kitu. Kisha aliiweka kwenye faili la barua zinazoingia, ambako ipo mpaka sasa.

Kwa sababu ya sentensi aliyoiruka, mtoto wangu wa miezi kumi anayenyonya amezuiwa kwa bibi yake tangu leo mchana, akidhaniwa amelishwa nyama ya kondoo, jambo ambalo ni mwiko katika nyumba ile. Mtoto hakulishwa. Imeandikwa katika barua hiyo, ukurasa wa kwanza, mara baada ya nukta.

Vilevile neno 'porini' lililomo ndani ya barua limetafsiriwa vibaya. Nililala kwenye hema, kwa hiari yangu, na watu ninaowapenda, na sikuwa namkimbia mtu. Kama mwalimu hakulielewa neno, angeuliza. Kazi yake ni kuuliza maswali.

Naomba yafuatayo yafanyike kesho, kwa kuwa maziwa hayasubiri vikao:

Mwalimu mkuu aitoe barua kwenye faili, aende nayo kwa mama mkwe wangu, aisome tena yote, bila kuruka, kuanzia 'Mume wangu mpenzi', mbele ya watu walewale waliokuwepo alipoisoma mara ya kwanza, wakiwemo wa kilabuni. Ukurasa wa tatu aruke mstari wa tisa peke yake. Huo anaujua.

Akimaliza, amkabidhi mume wangu barua yake, nami nikabidhiwe mtoto wangu.

Nitakuwa nje ya ofisi yako asubuhi kabla haijafunguliwa, ili niongozane na yeyote utakayemtuma.

Wako mtiifu lakini mwenye hasira,

Mama wa mtoto.

Nakala: Mkuu wa Posta, Kasulu. Mwenyekiti wa Kijiji. Mume wangu."